Matairi mapana kwa sedani yenye mbio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mwenye sedani inayopenda kukimbia, ambaye matairi yaliyokuja na gari yamekwisha na sasa anafikiria kuweka mapana zaidi. Mifano yote inafuata gari moja la kudhania lililotoka kiwandani na matairi 205/55R16 91V juu ya rimu za 6.5J, yaani zenye upana wa inchi 6.5. Ni saizi ya kawaida sana, na hesabu zake utazihamishia kwenye gari lako bila shida.

Namba zilizo ubavuni mwa tairi zinasema nini?

205 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya 205, yaani milimita 112.75. R inaonyesha muundo wa radiali, ambao ndio wa karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni kiwango cha mzigo, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615. V ni kasi ya juu kabisa linayoruhusiwa, kilomita 240 kwa saa. H ni 210, W ni 270 na Y ni 300.

Ishike hiyo asilimia, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Kimo cha ubavu kinategemea upana, kwa hiyo ukiongeza upana na kuacha 55 ilivyo, umeongeza kimo cha tairi pia.

Tairi pana linashika lami vizuri zaidi kweli?

Kwenye lami kavu, mara nyingi ndiyo, lakini sababu si ile inayotajwa na wengi. Dhana iliyoenea ni kwamba tairi pana lina mpira mwingi zaidi unaogusa barabara. Uzito wa gari haujabadilika, na kinachoubeba ni upepo uliomo ndani ya tairi. Sedani ya kilo 1,400 inaweka takriban kilo 350 juu ya kila tairi. Kwa presha ya bar 2.3, ambayo ni kama PSI 33, unyayo wa tairi unatoka kama sentimita za mraba 150, ukubwa wa kiganja cha mkono. Funga tairi pana, acha presha ileile, na eneo hilo litabaki karibu lilelile. Kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa pana na fupi.

Faida inatoka kwingine. Tairi pana lililochaguliwa vizuri huwa na ubavu mfupi zaidi, na ubavu mfupi haupindi sana gari linapoingia kwenye kona, hivyo usukani unaitika upesi. Pia tairi zima lina mpira mwingi zaidi wa kupokea joto, kwa hiyo ukiendesha kwa nguvu kwa muda mrefu halichoki haraka. La tatu ndilo zito kuliko yote: upana unampa mtengenezaji nafasi ya kutumia mpira laini bila tairi kuisha upesi. Matairi ya mashindano ni mapana kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo.

Sasa fikiria maana yake kwako. Ukinunua tairi pana lenye mpira mgumu wa bei rahisi, umechukua madhara yote ya upana na kuiacha faida yake kuu dukani. Tairi la 205 lenye mpira mzuri wa mbio litalishinda tairi hafifu la 225 kwenye breki, kwenye kona, na hasa kwenye maji. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunua mpira bora kwa saizi ileile ya kiwandani. Nalisema hili bila kusitasita hata kwa mtu aliyekwisha kuipenda sura ya matairi mapana.

Nitautambuaje mpira mzuri?

Anza na kundi la tairi kabla ya jina la kampuni. Kila mtengenezaji mkubwa ana matairi ya starehe, yanayolenga ukimya na maisha marefu, na matairi ya mbio, yanayolenga mshiko. Sedani yenye mbio inastahili kundi la pili, isipokuwa unaendesha kwenye baridi: mpira wa matairi ya mbio ya kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hapo unahitaji aina nyingine.

Kwenye matairi yanayouzwa Marekani, na mengi yanayouzwa kwingineko, ubavuni kuna neno TREADWEAR na namba. Namba hiyo hulinganishwa na tairi la majaribio lenye 100. Kubwa maana yake tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Matairi ya mbio mara nyingi yako kati ya 200 na 340, ya starehe hupita 400. Usiyalinganishe makampuni mawili kwa namba hiyo, kwa maana kila kampuni inajipimia yenyewe. Ndani ya kampuni moja inasaidia. Karibu nayo utaona TRACTION, yaani uwezo wa kusimama kwenye maji, kwa madaraja AA, A, B na C. Chini ya A usishuke.

Ulaya matairi huuzwa na lebo yenye madaraja A hadi E kwa mshiko kwenye maji na kwa matumizi ya mafuta, pamoja na kipimo cha kelele kwa desibeli. Mimi huanza kusoma kwenye daraja la maji.

Niongeze upana kiasi gani?

Milimita 10 hadi 20 kutoka saizi ya kiwandani zinatosha sedani nyingi. Baada ya hapo unalipa zaidi kwa faida inayozidi kupungua, na nafasi ndani ya madigadi inaanza kuisha.

Sharti lisilojadiliwa ni kipenyo cha tairi zima kibaki karibu na cha awali. Hesabu yake ni rahisi: zidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha ongeza vimo viwili vya ubavu, cha juu na cha chini. Gari letu lina 406.4 + 112.75 + 112.75, jumla milimita 631.9. Tujaribu mbadala:

- 225/55R16: milimita 653.9, ongezeko la asilimia 3.5. Kubwa mno.
- 215/55R16: milimita 642.9, asilimia 1.7. Inavumilika, mradi nafasi ipo.
- 225/50R16: milimita 631.4. Karibu sawa kabisa.
- 225/45R17: milimita 634.3, asilimia 0.4. Nzuri sana, ila inataka rimu mpya.
- 225/40R18: milimita 637.2, asilimia 0.8. Kipenyo kinakubali, lakini soma jibu la mzigo kabla hujainunua.

Mimi hujaribu kubaki ndani ya asilimia 2. Tairi likiwa refu kuliko hapo, gia zinakuwa nzito na gari linapoteza mchomoko wake. Likiwa fupi, injini inazunguka zaidi kwa kasi ileile na gari linakaribia ardhi.

Spidi ya kwenye dashibodi itaendelea kuwa ya kweli?

Ukiwa na 225/50R16 hutaona tofauti. Ukiwa na 225/55R16, mshale ukionyesha 100 gari linakwenda kilomita tatu na nusu zaidi kuliko lilivyokwenda awali mshale ukiwa palepale. Magari mengi hutoka kiwandani yakionyesha spidi kubwa kidogo kuliko halisi, kwa sababu kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi haziruhusu kipimo kionyeshe pungufu. Tairi refu linakula akiba hiyo. Tairi fupi linafanya kinyume: mshale unazidisha zaidi, na kilomita zinahesabiwa haraka kuliko ulizotembea.

Rimu zangu za sasa zitafaa?

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaokubalika, na upana wa rimu ndio ile namba iliyo mbele ya J. Tairi 205/55R16 linakubali rimu za inchi 5.5 hadi 7.5. 225/50R16 linakubali 6 hadi 8, kwa hiyo linaingia halali kabisa kwenye rimu zetu za 6.5J. 225/45R17 linaanzia 7 hadi 8.5, na 235/45R17 linaanzia 7.5.

Kukubalika ni jambo moja, kufaa ni jingine. Saizi nyingi zina upana wa rimu unaozitosha hasa, na kwa 225/50R16 ni inchi 7. Kwenye rimu ya 6.5 tairi hilo litavimba kidogo ubavuni na litayumba kidogo kwenye kona kali kuliko lingefanya kwenye 7J. Tofauti hiyo ni ndogo na naikubali. Nisichokubali ni kuvuka mpaka: tairi pana kwenye rimu nyembamba kupita kiasi linalala ubavu kwenye kona na kuisha katikati, na tairi jembamba lililotanuliwa juu ya rimu pana linaacha mdomo wa rimu wazi upigwe na kila shimo. Fundi akikwambia "linaingia tu", muulize jedwali la mtengenezaji linasemaje. Kulivalisha tairi juu ya rimu kwa nguvu ya mashine hakuonyeshi kwamba saizi ni sahihi.

ET ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso wake unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachoshika gurudumu. ET kubwa inaliingiza gurudumu ndani ya gari. ET ndogo inalitoa nje. Ukibaki na rimu zako ET haibadiliki: tairi la 225 badala ya 205 linaongeza milimita 10 kila upande, basi.

Ukibadilisha rimu, hesabu zinaongezeka. Tuseme rimu ya awali ni 6.5J ET45 na mpya ni 7.5J ET45. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu inatanuka 12.7 kila upande. Ile ya ndani inakaribia shokapu, ya nje inakaribia madigadi. Sasa chukua 7.5J ET38: gurudumu zima limesogea nje milimita 7, hivyo nje rimu inaongezeka 19.7 na ndani 5.7 tu. Hapo shokapu imepona, lakini madigadi iko hatarini. Kulitoa gurudumu nje sana kunaharibu pia hisia za usukani: gari linavutwa upande ukifunga breki kwenye lami isiyo sawa, na beringi za magurudumu zinabeba mzigo zaidi.

Rimu mpya lazima pia zilingane na gari kwa idadi na mpangilio wa matundu ya bolti na kwa tundu la katikati. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, weka ringi za kuziba nafasi hiyo. Bila hizo gari linaweza kutetemeka spidi ikipanda, na utahangaika kubalansi bila mafanikio.

Nitajuaje kama tairi litagusa kabla ya kulinunua?

Pima. Gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu, kisha kati ya tairi na ukingo wa ndani wa madigadi, halafu pima nafasi hiyo kwa rula. Kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, ukaangalie plastiki ya ndani na mikono ya chini. Halafu fikiria gari likiwa na watu watano na mizigo, likishuka kwenye tuta: springi zinabonyea na tairi linapanda juu. Milimita 5 upande wa shokapu ndicho kiwango cha chini ninachokubali, kwa kuwa pale umbali haubadiliki sana. Upande wa madigadi nataka zaidi.

Jambo moja linalosahaulika: matairi mawili yaliyoandikwa 225 hayalingani upana kwa hakika. Makampuni yanatofautiana milimita kadhaa, na mengine yana ukingo wa kulinda rimu unaotokeza nje. Upana halisi uko kwenye karatasi ya vipimo ya kila tairi. Kama gari lako limeshushwa springi, usinunue kabla ya kuusoma.

Je, spesa zinaweza kutatua tatizo la nafasi?

Spesa ni vipande bapa vinavyowekwa kati ya rimu na habu. Zinasogeza gurudumu nje, ndiyo. Nunua rimu yenye ET sahihi badala yake. Kama huna njia nyingine, ziwe zinazokaa juu ya habu bila kuyumba, na bolti ndefu zinazoshika nyuzi zote zinazotakiwa.

XL ni nini, na presha niweke ngapi?

Hapa naomba usome polepole, kwani ndipo watu wanapojihatarisha bila kujua.

Kiwango cha mzigo cha tairi jipya kisiwe chini ya kile cha kiwandani. Gari letu lina 91, kilo 615. Tairi 225/50R16 kwa kawaida lina 92, kilo 630, kwa hiyo hakuna tatizo. Tairi 225/45R17 hupatikana likiwa na 91 ya kawaida au 94 XL, ambayo ni kilo 670. XL ni tairi lililoimarishwa, lakini uwezo wake huo linaufikia kwa presha kubwa zaidi. Tairi la kawaida hufikia mzigo wake wa juu kwa bar 2.5, kama PSI 36. La XL kwa bar 2.9, kama PSI 42.

Sasa tazama 225/40R18 92 XL. Kwenye karatasi linabeba kilo 630, zaidi ya 615 za awali. Lakini hizo 630 ni za bar 2.9. Ukilijaza bar 2.5, uwezo wake unashuka chini ya tairi la zamani lililojazwa presha hiyohiyo. Mwenye gari ameweka tairi lenye namba kubwa zaidi, akajaza upepo kama alivyozoea, na sasa tairi linabeba mzigo likiwa na upepo pungufu. Linapashwa joto, mabega yake yanaliwa, na kwenye safari ndefu ya kasi linaweza kupasuka.

Kwa hiyo: ukiwa na tairi lenye kiwango kilekile na aina ileile, fuata kibandiko cha presha kilicho kwenye mlango wa dereva. Ukihama kutoka la kawaida kwenda XL, tafuta jedwali la mzigo na presha la mtengenezaji, usome presha inayobeba mzigo uleule, na ukubali kuongeza PSI kadhaa. Pima tairi likiwa baridi. Presha ya juu iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi. Usiichukue kama maagizo ya gari lako.

Kwenye mvua mambo yakoje?

Kwenye maji ya kina kifupi, mpira bora ndio unaoamua. Kwenye maji yaliyotuama, upana ni adui. Tairi pana lina maji mengi ya kusukuma pembeni, na unyayo wake mfupi hauna muda wa kuyamaliza, kwa hiyo linaanza kuelea kwa spidi ndogo kuliko jembamba. Likielea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki hazina kazi.

Chagua kashata, yaani michoro ya mpira unaogusa barabara, yenye mifereji mikubwa ya kuzunguka tairi zima. Weka presha sahihi, maana tairi lenye upepo mdogo linaelea mapema zaidi. Usisubiri pia kashata ifike milimita 1.6, ambayo ndiyo alama ya mwisho iliyowekwa ndani ya mifereji. Tairi pana la mbio libadilishe likifika milimita 3 kama unaendesha kwenye mvua kubwa.

Nitapoteza nini kingine?

Mafuta kidogo, kwa sababu tairi pana na laini linabingirika kwa ugumu zaidi na linakata upepo mwingi. Ukimya kiasi. Usukani utakuwa mzito kidogo, na kwenye lami iliyobonyezwa na malori utasikia gari likitaka kufuata mifereji hiyo. Usilegeze mikono hapo. Gurudumu zito pia linazipa shokapu kazi zaidi, kwa hiyo linganisha uzito wa rimu kabla ya kulinganisha sura.

Nibaki inchi 16 au nipande 17, 18?

Kwa gari letu la mfano ningechagua 17 ikiwa bajeti inaruhusu rimu nzuri nyepesi, na ningebaki 16 na tairi la 225/50 ikiwa hairuhusu. Inchi 17 ina matairi mengi zaidi ya kundi la mbio ya kuchagua. Kwenye 18 ubavu wa 225/40 ni milimita 90 tu, na kwenye barabara yenye mashimo rimu zitapinda au tairi litatoka nundu ubavuni. Tairi lenye nundu nyuzi zake zimekatika ndani, halirekebishwi, linatupwa.

Naweza kuweka mapana nyuma tu, au mawili tu kwa sasa?

Kama gari halikutoka kiwandani hivyo, weka saizi moja kote. Ukipanua nyuma peke yake, mbele inaishiwa mshiko kwanza na gari linakataa kuingia kwenye kona. Ukipanua mbele peke yake, mkia ndio unaoserereka, na hilo madereva wengi hawawezi kulituliza. Gari linalovuta magurudumu yote manne lina sharti kali zaidi: vipenyo vikitofautiana, mtambo wa kugawa nguvu unafanya kazi muda wote na kuharibika.

Ukinunua mawili mapya ya saizi ileile, yafunge nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele.

Matairi mapana yaliyotumika yanafaa?

Soma tarehe kwanza. Mwisho wa mfululizo unaoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin inashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Kwa sedani inayokimbizwa mimi ni mkali kuliko hapo. Mpira wa mbio uliozeeka umekauka, na ulichokuwa unanunua ni ulaini wake.

Sheria na bima je?

Nchi nyingi hazitaki tairi litokeze nje ya madigadi, na baadhi zinataka saizi mpya ikaguliwe na kuandikwa kwenye hati za gari. Uliza kabla ya kununua, na ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Baada ya kufunga nifanye nini?

Balansi magurudumu yote na upime alaimenti, kwa maana tairi pana linaonyesha kosa la alaimenti kwa kuliwa upande mmoja haraka. Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilicho kwenye kitabu cha gari, na zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa upole, kwa sababu tairi jipya lina utelezi juu yake mpaka ngozi ya kwanza iishe.

Kisha jaza gari watu, tafuta tuta, lipite polepole huku umekata usukani, na usikilize. Ukirudi, angalia plastiki ya ndani ya madigadi kwa alama mpya za mkwaruzo. Fungua pia buti uangalie spea tairi: kama umebadilisha kipenyo kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, au breki kubwa ndizo zilizokupandisha rimu, hakikisha spea bado inaingia kwenye habu bila kugusa breki, na kwamba nati ulizonazo zinaishika.